Msiba wa Nyani Nyumbani kwa Mwalimu

Walimu vijana wa shule niliyoiaga juzi wameniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nadhani wanataka kujua nilivyopanda vyeo. Hayo sitayaandika, kwa kuwa siyakumbuki vizuri, na mke wangu anayakumbuka kwa namna yake. Nitaandika habari za miaka yangu ya mwanzo, Shinyanga kisha huko kwenye dhahabu upande wa Geita, maana mengi niliyowafundisha watu baadaye niliyajulia huko. Zaidi nitaandika habari ya picha moja ya mifupa ambayo nusura ituvunjie darasa la nane.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mtoto wa misheni, na ualimu niliusomea huko huko pwani. Treni ya Mwanza ilinishusha Shinyanga asubuhi moja ya vumbi, miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mpagazi aliyeshika sanduku langu aliniuliza kabila. Nilipomtajia, aliliweka sanduku chini, akanivua kofia, akaivaa yeye, akaenda zake huku akinishukuru kwa zawadi. Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani atakutukana, atakunyang'anya, na siku ya msiba wako atakuja kukukejeli mbele ya maiti, na katika hayo yote atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Nililijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo nilicheka, nikalibeba sanduku langu mwenyewe. Kofia ilikuwa mpya.

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza aliitwa Yakobo Lushinge, Msukuma mrefu, mzee wa kanisa, asiyekunywa uji kabla ya kusoma sura moja ya Biblia. Siku yangu ya kwanza darasani nilifundisha jiografia kwa Kiswahili cha kwetu, cha haraka, na kila nilichouliza watoto waliitikia "Ndiyo, mwalimu." Nilitoka nimejaa fahari. Mwalimu Yakobo, aliyekuwa amekaa nyuma muda wote, aliniambia taratibu, "Mwalimu Andrea, umefundisha vizuri sana. Kesho ujaribu kuwafundisha na watoto." Wale watoto nyumbani kwao walizungumza Kisukuma tu, na mimi nilikuwa nimeongea na ukuta kwa saa nzima.

Yeye ndiye aliyenifunza kazi. Alinionyesha kuukandika ubao kwa masizi ya betri zilizokufa yaliyotwangwa pamoja na majani ya viazi, ili chaki ishike. Alinifunza kuikata chaki vipande, maana chaki nzima humfanya mwalimu aandike makubwa na kusema mengi. Alinifunza kuuliza swali, kisha kunyamaza mpaka kimya chenyewe kiwachoshe watoto wajibu. Na alinikataza kabisa kujifanya najua. "Kama hujui, sema hujui," alisema, "kabla mtoto hajakwenda kulisema nyumbani." Nimewafundisha walimu wengi tangu hapo, na sijapata cha kuongeza.

Baadaye alipelekwa kuanzisha shule ya kati karibu na mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akaomba nifuatane naye. Kule kulikuwa dunia nyingine. Wachimbaji walitoka kila pembe ya nchi, Waislamu kwa Wakristo, na watoto wao walichanganyika darasani na watoto wa wakulima wa Kisukuma wa vijiji vya jirani. Adhuhuri baruti zililipuliwa chini ya ardhi, madirisha yakatetemeka, nasi tukaacha kuandika mpaka dawati litulie. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Chumba kimoja kilivuja, na hicho ndicho walichonipa mimi na darasa la nane, kwa kuwa wakubwa hawaogopi mvua.

Nilifundisha hesabu na maarifa ya viumbe. Somo la mifupa nililifundisha kwa kumsimamisha mbele mwanafunzi mmoja aitwaye Mabula, aliyekuwa mwembamba kiasi cha kutosha. Baba yake, Mzee Jilala, alikuwa mkulima mwenye sauti kijijini, kiongozi wa kundi la watu wanaolimiana mashamba kwa zamu. Mzee huyo hakuwa wa kanisa wala wa msikiti. Aliwaheshimu wazee wake waliokufa, akawamwagia pombe kwa wakati wake, na mtoto wake akamleta shule kwa hiari yake. Mabula alikuwa na ugonjwa wa kuuliza, ugonjwa ambao mwalimu huuombea usipone.

Basi daktari wa mgodi alipohama alituachia sanduku la vitu. Kulikuwa na kioo cha kukuzia, mizani isiyo na mawe yake, na picha kubwa iliyochapwa kwenye kitambaa. Ilionyesha mifupa miwili imesimama bega kwa bega, mmoja wa mtu, wa pili wa sokwe. Mimi nilifurahi tu kwamba sasa Mabula angepumzika. Nikaitundika, nikaanza kutaja: fuvu, taya, mtulinga, mbavu.

Tulipofika kwenye kiganja Mabula alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona vidole vyake vina mifupa kama yetu?"

Ningeweza kumwambia akae. Nikamwambia kwamba wapo wataalamu wanaosema mtu na sokwe wana babu mmoja wa zamani mno, na kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Nikamwambia pia kwamba sisi kanisani tunafundishwa Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake.

"Na wewe unaamini lipi?"

"Naamini la kanisani."

"Na mifupa je?"

"Mifupa sijui," nikasema, nikaenda kwenye nyayo.

Maneno ya darasani yakitoka nje huota miguu. Sokwe hakuna mtu kule aliyewahi kumwona, lakini nyani walikuwa kila mahali, wakishuka kutoka vilimani kila mahindi yakikomaa. Kwa hiyo sokwe aliishia mlangoni mwa shule, na aliyefika kijijini alikuwa nyani. Kabla wiki haijaisha habari ilikuwa kwamba Mzaramo wa shuleni amesema babu wa Mzee Jilala alikuwa nyani, tena yule yule anayeng'oa mahindi.

Mambo yaliharibika shambani. Mabula alipelekwa kulinda mahindi, wakaja nyani, akiwamo jike lenye mtoto mgongoni. Badala ya kurusha jiwe, Mabula alisimama kutazama lile jike linavyomenya hindi kwa vidole. Alitazama mpaka mstari mzima ukaisha. Baba yake alipomuuliza alikuwa anafanya nini, alijibu kwamba alikuwa anahesabu mifupa.

Mzee Jilala akamtoa shule. Wengine wa kundi lake wakawatoa wa kwao. Wachimbaji Waislamu wakasema mwalimu anaikufuru asili ya Adamu, wakawatoa wao. Wakristo wakafuata. Katika maisha yangu sijapata kuona watu wa dini zote na wasio na dini wakiafikiana upesi namna ile, na kama si mimi niliyekuwa kisa chenyewe ningemshukuru Mungu kwa umoja huo. Darasa la nane likabaki madawati na watoto wachache wa watumishi wa mgodi.

Lililotuumiza ni kwamba mkaguzi wa elimu alikuwa anatazamiwa. Akilikuta darasa halina watu angelifunga, na wale watoto wasingefanya mtihani wao. Wasingepata shule nyingine. Ingekuwa jembe, au shimo la dhahabu, na Mabula alikuwa mtoto wa kwenda mbali.

Wazee wa kanisa waliniita. Aliyeongoza alikuwa Mzee Danieli, msimamizi wa zamu mgodini, mtu mwema aliyechoka. Alinitaka nisimame Jumapili niseme kwamba niliwadanganya watoto. Niliogopa, nikiri hivyo, maana nyumba niliyokaa ilikuwa ya kanisa na mke wangu alikuwa mjamzito. Kabla sijafungua mdomo Mwalimu Yakobo alisimama.

"Mimi habari hiyo siiamini hata neno moja," alisema. "Mungu aliniumba mimi, wala hakupitia kwa nyani kuja kwangu. Lakini huyu hakudanganya. Alisema wapo wanaosema hivyo, na kweli wapo. Nikimlazimisha aseme hawapo, waongo tutakuwa sisi, tena ndani ya kanisa."

Mzee Danieli alijifuta uso, akasema basi mimi nisiseme kitu, lakini watoto wao hawatarudi.

Njiani kurudi nilimwambia Mwalimu Yakobo kwamba nitaishusha ile picha. Alijibu, "Ishushe ukitaka, ni kitambaa tu. Ila Mabula atajua kwamba kosa lake lilikuwa kuuliza." Sikuishusha. Namshukuru mpaka leo kwa jibu lile, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyeichukia ile picha kuliko wote.

Vijana mtaniuliza mimi mwenyewe niliwaza nini. Sikuiamini ile habari. Nilikuwa najiuliza, kama tulibadilika kidogo kidogo, ni mama yupi wa kwanza aliyebeba mtoto mwenye roho ilhali yeye mwenyewe hana? Swali hilo halikunipa njia. Lakini kila nilipokipangusa vumbi kile kitambaa niliviona vile viganja viwili, na navyo havikunipa njia. Nilisali na huku sijui. Nimegundua baadaye kwamba watu wengi husali hivyo, ila hawaambiani.

Nilikwenda kwa Mzee Jilala kuomba Mabula arudi. Alinipokea kwa "Mwangaluka" kavu, salamu ya kwao, akanipa kigoda.

"Mtoto analinda mahindi," alisema.

"Mtihani uko karibu, mzee."

"Na nyani wako karibu zaidi. Nenda, ng'walimu. Salimia ndugu zako." Akaingia ndani.

Nilirudi nimevunjika moyo. Sikuzingatia kwamba ameniambia nisalimie ndugu zangu. Ningezingatia, ningejua kwamba mlango hakuufunga wote.

Jumamosi ile alasiri nilisikia vilio vinakuja na njia ya shule. Nikatoka. Kundi zima la wakulima, majembe begani, wanawake wamejitanda kaniki, walikuwa wamebeba machela ya miti. Juu yake kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka. Waliiweka mbele ya mlango wangu, Mzee Jilala akakifunua. Alikuwa nyani dume, mkubwa, na jeraha la mkuki ubavuni.

"Ng'walimu, pole sana na msiba," Mzee Jilala alisema kwa sauti ya kilio. "Tumekuletea ndugu yako. Tumeona si vizuri akaoze porini na wewe ukoo wake upo."

Wanawake wakapiga yowe. Mwalimu Yakobo, aliyekuwa anakaa nyumba ya jirani, alikuja mbio amekunja uso, akasema hii ni dharau kwa shule na kwa kanisa, na kwamba atapeleka habari kwa mtemi. Mimi nilikuwa namtazama Mzee Jilala. Alikuwa analia bila chozi, na jicho lake moja lilikuwa kwangu, linasubiri. Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu anayekuchukia hakuletei maiti ya utani. Mtu anayekuchukia anakaa kimya kwake. Huyu alikuwa amekuja kuniuliza kama mimi bado ni mtani wake.

Niliingia ndani, nikachukua kanga ya mke wangu, Mama Neema, nikajifunga kiunoni. Mama Neema aliniambia kwamba ile kanga ni mpya, haijafuliwa hata mara moja. Nikamwambia anisamehe, nimefiwa. Nikatoka nikajitupa chini karibu na machela.

"Ndugu yangu," nililia, "nilikukataza mahindi ya Wasukuma. Nilikuambia rudi pwani kwenye nazi, ukasema huku kuna watu wakarimu. Wakarimu gani hawa?"

Kundi lilianza kucheka vicheko vya chini chini. Mwalimu Yakobo alinitazama kama mtu aliyeongezewa mgonjwa. Nililia mpaka kanga ikajaa vumbi, kisha nikanyanyuka, nikajipangusa, nikauliza, "Nani amemuua?"

"Mimi," alisema Mzee Jilala kwa majivuno. "Kwa mkuki wangu."

"Wote mmesikia?"

Wakasema wamesikia.

"Na umemleta kwangu, na umenipa pole, kwa sababu ni ndugu yangu."

"Ndugu yako kabisa. Mfanano wenyewe huo."

"Basi kwenu Usukuma, mtu akiua ndugu wa mtu hufanya nini?"

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja nyuma akasema polepole, "Hulipa." Kila mtu pale alijua fidia ya damu ni kitu gani, na wote walikuwa wameshuhudia mwuaji akikiri. Mzee Jilala alinitazama, akamtazama nyani. Angesema huyu si ndugu yangu, basi asingekuwa na ugomvi tena na mimi. Angesema ni ndugu yangu, angedaiwa.

"Ng'ombe wangapi?" aliuliza hatimaye, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ng'ombe wa nini? Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi, atanifia mikononi. Nadai watoto. Wote mliowatoa darasani. Jumatatu asubuhi."

Mzee Jilala alicheka mpaka akaegemea jembe lake. Walicheka wote, na mwishowe Mwalimu Yakobo naye, ingawa aligeukia ukutani kwanza.

Kicheko kilipotulia Mzee Jilala alikaa kizingitini pangu, akaniashiria nikae. "Sasa utani tuuweke chini," alisema. "Mimi nikiwamwagia wazee wangu pombe nawataja majina. Baba, babu, baba wa babu. Nafika mahali majina yanakwisha. Baada ya hapo kuna nani?"

"Mimi naamini kuna Mungu."

"Na picha yako inasema kuna nyani."

"Wanaosema hivyo wapo. Mimi sijui, mzee. Nimetazama sana na sijui."

Alimgeukia Mwalimu Yakobo. "Na wewe, mwana wetu?"

"Mimi sina shaka na Mungu," alisema Mwalimu Yakobo. "Lakini hata mimi majina yananiishia mahali."

Mzee Jilala alitikisa kichwa taratibu. "Nilichoogopa si nyani," alisema. "Niliogopa mtoto atarudi nyumbani anaijua picha, na mimi hanijui tena." Nilikuwa nimehesabu madawati matupu, nikamlaumu kwa mahindi yake, kumbe huyu mzee alikuwa na hofu ile ile ya kila mzazi aliyewahi kumpeleka mtoto shule. Nilimshika mkono, nikamwambia nitajitahidi asirudi hivyo.

Kisha akasema kwamba maiti iliyoliliwa haitupiwi fisi, lazima izikwe. Tukachimba nyuma ya nyumba, zamu kwa zamu. Mwalimu Yakobo alisema hawezi kuomba juu ya nyani, lakini jembe alishika. Tulipomteremsha, Mzee Jilala alisimama ukingoni akataja wazee wake, baba, babu, baba wa babu, mpaka majina yakamwishia. Akamtazama yule nyani.

"Na wewe," alisema, "kama umo, umo. Kama haumo, waambie wenzako waache mahindi yangu."

Jumatatu walianza kuja kabla reli haijagongwa. Waislamu na Wakristo waliona watoto wa kundi la Jilala wanapita, wakawaleta na wao, kwa sababu hakuna aliyetaka mtoto wake abaki nyuma ya mtoto wa mpagani. Mzee Danieli alimleta wa kwake mwenyewe. Mkaguzi alipofika alilikuta darasa limejaa, akaandika kwamba paa linavuja.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya asubuhi ile. Mzee Jilala alimleta Mabula amemshika kiganja, ingawa Mabula alikuwa mkubwa mno kwa kushikwa mkono na alikuwa anaona aibu. Alisimama mlangoni, darasa zima likasimama kumwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akakitazama kile kitambaa ukutani kwa muda mrefu, mfupa kwa mfupa, kisha akauweka mkono wa mwanawe katika mkono wangu.

"Fidia yako hii," alisema. "Nimelipa. Na akiuliza, usimnyamazishe."